Mwanamke Nyuma ya Bendi

Jumanne ile nilikuwa namenya viazi. Mvua ilikuwa ile yetu ya Burnley, isiyonyesha wala kuacha. Nyama ya kondoo ya jana ilikuwa kwenye sufuria, vitunguu nimeshakata, na mwanangu Clive alikuwa kazini, anaendesha basi lake kupanda na kushuka bonde hili kama afanyavyo kila siku. Taa ya ukutani ikawaka mara tatu. Kengele ya mlango siisikii, kwa hiyo Clive alinifungia taa.

Masikio yangu yalibaki kiwandani. Niliingia Whinfold nina miaka kumi na mitano, kusoma kwenyewe bado nakwama kwenye maneno marefu, nikapewa mitambo sita ya kufuma. Ndani ya ukumbi ule mitambo ilikuwa mia nne. Ungepiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, na wa ubavuni kwako asisikie. Ndiyo maana sisi wafumaji tuliongea kwa midomo mitupu, bila sauti, tukiipanua kama ng'ombe anayecheua, na mwenzako anakusoma kutoka upande wa pili wa ukumbi. Nusu ya ndoa za mji huu, na uongo wote, vilipita hewani namna hiyo. Sheria yetu ilikuwa moja: ukiitwa, unajibu. Kuna walioachana na waume zao wakasamehewa. Aliyeitwa akageuza uso, huyo hakusamehewa.

Basi nikafungua mlango. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizomfunika mdomo kama majani kwenye mlango wa zizi. Nikamwambia azishike pembeni kwa vidole au aende zake, maana simwoni anasema nini. Akazishika. Akasema anaitwa Fergus, ametoka Glasgow, na anamtafuta Clive Catlow aliyekuwa mwimbaji wa Koti la Marehemu.

Nilidhani ana wazimu. Bendi hiyo haikutafutwa na mtu hata ilipokuwa hai.

Ilikuwa mwaka 1986. Clive alikuwa na miaka kumi na tisa, amekonda kama fagio, anavaa koti la babu yake aliyefariki. Yeye na wenzake watatu walirekodi albamu moja ya roki, ile roki ya vijana wanaotazama viatu vyao wakati wa kupiga gitaa. Kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka mitano, mitambo bado haijauzwa chuma chakavu, na mlinzi aliwaachia ukumbi siku za Jumapili kwa sababu ulikuwa na mwangwi mzuri. Zilitoka santuri mia tano. Gazeti moja liliwaandikia mistari miwili, na wa pili ulikuwa wa kuwapa pole. Wenzake wakaenda kuoa. Boksi la santuri zilizobaki nililipandisha darini mimi mwenyewe bila kulifungua, kwa kuwa lilikuwa linaziba mlango wa choo.

Fergus akanisimulia kwamba aliikuta nakala moja kwenye duka la mitumba, imebanwa kati ya nyimbo za Krismasi na kitabu cha mapishi. Akaipeleka nyumbani, akaisikiliza, hakulala. Akaiweka kwenye mtandao. Sasa wako watu Brazili na Japani wanaolia wakiisikiliza. Nikamwuliza watu hao hawana kazi. Akacheka, ndevu zikaanguka, nikapoteza sentensi mbili.

Alichotaka ni kuitoa albamu upya. Akaichomoa kwenye mfuko wake na kuiweka juu ya meza, karibu na maganda ya viazi. Nikavaa miwani. Sikuwa nimewahi kulitazama vizuri jalada lile. Vijana wanne wamesimama kati ya mitambo, Clive mbele na lile koti lake. Nyuma yao, kwenye njia nyembamba ya katikati, kulikuwa na kitu kama kivuli.

Fergus akanyoosha kidole pale pale. Alisema mtandaoni watu wanabishana sana. Wako wanaosema ni doa la wino, yeye anaona mwanamke. Je, namfahamu?

Nikamwambia ni doa. Nikarudi kwenye viazi vyangu, nikajikata kidole.

Doa halifungi kilemba fundo likawa mbele. Doa halina bega la kushoto lililoshuka. Yule alikuwa Agnes Thornber, aliyenifundisha kazi. Agnes Thornber tulimzika mwaka 1971, na shada nililibeba mimi.

Clive aliporudi akamkuta mgeni amechomeka mashine ya santuri pale penye birika langu. Mwanangu ana miaka hamsini na saba, ameachwa na mke, amerudi kwangu na sanduku moja na samaki wa dhahabu. Si mtu wa kushangaa. Lakini alipoona jalada lile alishika kiti.

Fergus akaipiga. Muziki mimi nausikia kwa kiganja. Nikakilaza mezani, nikapata ngoma, nikapata lile gitaa zito la chini. Haukuwa mbaya. Ukaja wimbo wa mwisho. Meza ilitetemeka vizuri, halafu ikaacha ghafla. Santuri inazunguka, sindano iko ndani, na meza imekufa. Nikamtazama Fergus. Alikuwa amefumba macho kama mtu aliye kanisani.

Akasema hapa ndipo wote wanapolia. Dakika nne za kimya. Mwimbaji anaacha katikati ya neno, bendi inaacha naye, hakuna kitu mpaka mwisho. Nani mwingine miaka ile alithubutu kufanya hivyo?

Uso wa Clive ulikuwa kama unga uliokandwa.

"Sikuacha," akasema. "Niliimba mpaka mwisho. Wote tulipiga mpaka mwisho. Tulipoisikiliza kanda, palikuwa hamna kitu."

Fergus akasema huenda mashine ya kurekodia iliharibika. Clive akajibu huenda. Ila toka Jumapili ile hajawahi kuimba tena. Akifungua mdomo aongee, anaongea. Akifungua aimbe, hakitoki kitu.

Hapo nikamkatiza. Nilimwambia asimdanganye mgeni mbele yangu. Kwenye mazishi ya baba yake nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, na wimbo wa kanisa aliuimba wote, beti tano, nimemwona kwa macho yangu haya. Kwenye harusi yake vilevile. Kwenye Krismasi zote.

Clive akanigeukia.

"Uliona, Mama," akasema. "Nani alisikia?"

Chakula kiliungua siku ile, na hakuna aliyeinuka kuzima jiko.

Pamoja na hayo, Clive akakubali albamu itoke upya. Simlaumu. Mtu aliyetukanwa na abiria miaka thelathini, akaletewa barua kutoka Japani inayosema maneno yake yamemzuia mtu asijiue, utamwambia akatae? Alizisoma barua zile akiwa anakunywa chai, akazisoma tena akiwa ngazini. Akaanza kutembea amenyoosha mgongo. Fergus aliichukua kanda ya zamani akaitengeneze upya, na ikapangwa Jumamosi moja ya Novemba, saa nane mchana, santuri mpya izinduliwe kwenye ukumbi wa kanisa letu. Wale watatu wa bendi wakakubali kuja kupiga. Clive angesimama nao tu. Wimbo ungetoka kwenye santuri.

Mimi sikuweza kukaa kitako. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Niliyatundika, nikayashusha, nikayafua tena. Miguu yangu ilikuwa inasikia kitu sakafuni. Mtetemo mdogo, wa chini, usiopumzika, kama kuna kazi inafanyika chini ya nyumba. Nikaweka mkono juu ya mashine ya kufulia.

Ilikuwa imezimwa.

Aliyenifumbua macho ni Marjorie Pickup, jirani yangu wa ukuta mmoja. Naye alifuma Whinfold. Katika mtaa wetu tumebaki sisi wawili tunaojua kusoma midomo, na husengenya watu juu ya ukuta wa uani bila sauti, majirani wanadhani tunapiga miayo. Siku hiyo akaniita nikiwa naanika.

Aliniuliza Clive ana ugomvi na nani. Nikamwambia na mtu yeyote anayekaa siti ya mbele. Hakucheka. Akasema amepanda basi lake mara tatu, na mara tatu Clive alifungua mdomo kumsalimu, hakikutoka kitu. Mwanzo alidhani ni mzaha, kwamba anaongea kama sisi wazee. Ila abiria wote wanalalamika. Anaulizwa nauli, anaulizwa kituo, anachezesha mdomo tu.

Nikasimama na shuka lililolowa mikononi.

Mimi na mwanangu tulikuwa tumeongea kila siku. Mpira, mvua, mguu wangu, yule samaki wake. Nilimsoma na kumjibu kama ilivyo miaka yote. Katika mji mzima wa Burnley, mtu pekee ambaye hangeweza kujua kwamba Clive hana sauti nilikuwa mimi mama yake.

Alipoingia jioni nikamwuliza toka lini. Akasema wiki tatu. Kila siku watu wanavyozidi kuisikiliza albamu, yeye anapungukiwa sauti. Sasa imekwisha.

Daktari alimwingiza kimrija chenye kamera mpaka kooni. Akasema koo hilo lingemfaa kijana wa miaka ishirini. Kazini wakamwambia apumzike nyumbani. Tukawa nyumba yenye simu mbili na hakuna wa kuzitumia.

Jumapili asubuhi nilimkuta ameketi ngazini, mikono imeshika magoti, midomo ya buluu. Alikuwa anavuta hewa kama mtu anayevuta gari kwa kamba. Ilimchukua robo saa kuniambia maneno matatu.

"Sasa ni pumzi."

Fergus alikuja kesho yake, ameleta nakala ya kwanza ya santuri mpya. Nilimwambia aiweke chini, apande darini, ashushe boksi. Nikasogeza viti vya sebuleni. Nilikuwa nimeshajua nitakachokiona. Sijui nilijuaje. Lile jalada alilolileta Jumanne ya kwanza nilikuwa nimelificha chini ya godoro na kulitoa mara kwa mara, na mdomo wa yule mwanamke ulikuwa wazi kwa umbo ninalolifahamu. Ulikuwa unasema Hilda.

Hilda ni mimi.

Tukazipanga santuri za boksi kwenye zulia, safu kwa safu. Zilikuwa arobaini na tatu. Zote zimepigwa chapa siku moja, kwenye mashine moja, kwa picha moja. Fergus aliona doa moja mara arobaini na tatu. Mimi nikapiga magoti, nikaanza kusoma.

Hilda.

Njoo.

Mkono wangu umekufa ganzi.

Hilda, tazama huku.

Sakafu ni baridi.

Njoo. Njoo. Njoo. Safu nzima ya pili ilikuwa hiyo. Nikasogea kwa magoti.

Umewaambia sikukuita.

Nilikuita.

Nikaona miguu ya Fergus inarudi nyuma. Nilipoinua macho alikuwa ameshika ndevu pembeni kwa mikono miwili, ili nimwone vizuri. "Unamjibu nani?" akauliza. Sikujua kwamba midomo yangu ilikuwa inacheza.

Nitasema nilichofanya, na asiyekipenda asikipende. Ilikuwa Machi 1971, karibu na mapumziko ya chakula. Nyuzi mbili zilikuwa zimenikatikia na msimamizi alikuwa amenisimamia shingoni tangu asubuhi. Nikainua kichwa. Agnes alikuwa hatua nne kutoka kwangu, ameshikilia mtambo wake, mdomo wazi. Alisema, Hilda, njoo. Sasa, Agnes alikuwa na mizaha. Angeweza kukuita uvuke ukumbi mzima akakuambia kwamba shimizi yako inaonekana. Nikamjibu kwa mdomo: Subiri. Nikainamia nyuzi zangu. Nilipoinua tena kichwa hayupo, nikajisemea ameenda chooni. Mitambo ilipozimwa kwa chakula tulimkuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye chuma, mdomo bado wazi. Daktari alisema ni moyo. Alisema pia kwamba haukumuua mara moja. Alikaa pale muda, akiwa hai, mbele ya watu mia na zaidi, na hakuna aliyeweza kumsikia.

Wakauliza nani aliitwa. Wakatuuliza mmoja mmoja. Nilisema sikuitwa.

Kisha miaka kumi na mitano baadaye mwanangu akaenda kusimama pale pale na kuimba kwa sauti yake yote.

Ilikuwa imebaki nakala moja, ile mpya ya Fergus, wino bado unanuka. Sikutaka kuitazama. Nikaitazama.

Mwanao ana pumzi nzuri.

Nikamwambia Fergus awashe gari.

Whinfold sasa wanauza mazulia. Mitambo ilishakatwakatwa zamani, ila nguzo za chuma ziko, na paa lile la madirisha yanayotazama kaskazini. Tuliingia kwenye saa nane. Clive tulimkalisha kwenye kiti karibu na mlango; hakuweza kwenda mbele zaidi. Akaja msichana wa duka, akauliza kama ni zulia la ngazi au la sebule. Nikamwambia la sebule, nitachagua mwenyewe. Akaniacha. Ana adabu, yule.

Nikahesabu nguzo. Mitambo yangu ilikuwa kwenye nguzo ya saba. Mazulia yalikuwa yamekunjwa na kusimamishwa wima, marefu kuliko mtu, yamefungwa nailoni, safu mbili na njia nyembamba katikati. Nikasimama nilipokuwa nasimama. Nikageuka upande wake.

Hapakuwa na mtu.

Nikapanua mdomo, bila sauti, kama tulivyofanya. Agnes. Nakuja.

Hatua ya kwanza. Sakafu ikaanza kutetemeka.

Ya pili. Harufu ya mafuta ya mashine, na pamba iliyopata moto. Nailoni za mazulia zilikuwa zimetulia tuli. Nilimtupia jicho msichana wa duka. Alikuwa anapiga miayo.

Ya tatu. Mitambo mia nne ilikuwa kwenye nyayo zangu, kwenye magoti, kwenye meno ya bandia. Hewa ikawa nzito. Nilitaka kugeuka. Nilikuwa na nyuzi mbili zimekatika. Vidole vyangu vilizitafuta hewani, vyenyewe.

Ya nne.

Nikaketi chini. Kwa umri wangu si kitu kidogo. Niliegemeza mgongo kwenye zulia na kunyoosha miguu, kama alivyokuwa amekaa yeye. Halafu nikaongea kwa sauti. Fergus alisikia, na amenithibitishia.

"Uliniita. Nilikuona. Niliwadanganya."

Kitu kikalala begani kwangu.

Kilikuwa kichwa. Najua uzito wa kichwa cha mtu aliyechoka; nimewalea watoto na nimemuuguza mume. Sikugeuka. Kichwa kikakaa. Kikazidi kuwa kizito. Baridi ikanishuka mkono mzima mpaka kwenye kucha. Halafu, kwenye shavu langu, pale karibu na sikio, nikahisi midomo inacheza.

Alikuwa ananiambia kitu. Kirefu. Midomo inafunguka, inafunga, inafunguka, kwenye ngozi yangu. Na mimi masikio sina. Midomo naisoma kwa macho, na macho yalikuwa yanatazama mbele. Alisema yote aliyotaka kusema, bila haraka, na sikuambulia hata neno moja.

Akamaliza. Sakafu ikanyamaza.

Nikamwona Clive anakuja kati ya mazulia, akijishikilia huku na huku. "Mama, inuka hapo, utapata ubaridi," akasema. Kwangu mimi hayo yalikuwa maneno kama mengine yote. Lakini Fergus aliruka kama aliyeunguzwa, na msichana wa duka aligeuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba yametoka na sauti.

Ingekuwa inaishia hapo, ningekuwa nimelala vizuri.

Jumamosi ya uzinduzi ukumbi wa kanisa ulijaa. Walikuja watu wa Ulaya nzima, wamevaa makoti ya wazee wa watu, wakala biskuti zetu zote. Mimi na Marjorie tulikaa mstari wa mbele. Bendi ikapanda, watu wazima wenye vitambi, na Clive akafanya ambalo halikupangwa: akaweka santuri pembeni, akashika kipaza sauti, akaimba. Kila mtu aliyekuwepo ameniambia kwamba ilikuwa sauti ileile ya miaka kumi na tisa. Wimbo wa mwisho aliuimba mpaka mwisho, dakika zile nne ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Watu walilia wameshikana. Fergus alilowesha ndevu.

Mimi nilikuwa namsoma.

Maneno ya ule wimbo nilikuwa nayajua. Fergus ameyachapa kwenye kijitabu, nami niliyapitia kwa kidole, moja moja, mpaka yale marefu. Mdomo wa mwanangu haukuwa unasema maneno hayo. Ulikuwa umepanuka. Ulikuwa unacheza kama wetu, kwa ule upana wa kuvuka ukumbi, na Clive hajawahi kujifunza.

Mbona mmezima mitambo?

Nellie wa mitambo ya mwisho keshajifungua?

Msimamizi yuko wapi, mbona simwoni?

Marjorie alinishika paja, akaniumiza. Tukatazamana. Nikamwambia kwa mdomo, usijibu. Akaitikia kwa kichwa. Tukageukia jukwaa. Mwanangu alikuwa anamtazama Marjorie, wimbo unatoka, machozi ya watu yanatoka, na mdomo wake ukauliza: Marjorie, saa ngapi?

Miaka ishirini ya kiwandani haitoki kwa siku moja. Marjorie akajibu kabla hajajizuia. Saa tisa na robo.

Clive akatabasamu. Wanasema hakukosea hata noti moja ya wimbo.

Wiki iliyofuata Marjorie alihamia kwa binti yake Preston. Hakuniaga. Nilimwona dirishani wanapakia vitu vyake, amefunga skafu usoni kutoka puani mpaka kidevuni, kama mwenye jino bovu.

Clive hana kumbukumbu yoyote. Anafikiri alikuwa anaimba, na kweli alikuwa anaimba. Amerudi kazini, abiria wanasema anaimba hata kwenye foleni. Nyumbani anaimba akiosha vyombo, akinyoa, akimlisha yule samaki. Ana furaha. Nilimlea mtoto huyo nikimwomba Mungu ampe furaha, na sasa akianza kuimba nakigeuza kiti changu kielekee ukutani.

Jana asubuhi alikuwa anakula mkate. Nikaona kitu cheupe pembeni ya mdomo wake, nikadhani ni utando wa yai. Nikamshika kidevu kama alipokuwa mdogo, nikakivuta. Kilikuwa uzi. Ukaja. Nikavuta tena, ukaja, umelowa na una joto. Nikauzungusha kidoleni mara moja, mara tano, mara tisa. Pamba ile ya kijivu, unene uleule tuliokuwa tunafuma Whinfold. Macho yangu yanaweza kukosea, vidole haviwezi. Clive alikuwa ananitazama tu, mdomo wazi, kama mtoto kwa daktari.

Halafu ukakaza.

Nikavuta kidogo. Upande wa pili ukavuta kidogo.

Mkasi ulikuwa kwenye droo ya vijiko. Nilikata karibu na mdomo niwezavyo. Ncha iliyobaki ikarudi ndani taratibu, Clive akameza, akaniambia chai imepoa.

Kipande nilichobaki nacho nimekizungusha kwenye penseli na kukiweka juu ya bomba la joto, tangu jana saa mbili. Hakikauki.